Kuyatambua Matumbawe ya Ubongo: Itazamwe Kuta, Isitazamwe Rangi

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wavuvi, watembezaji wa watalii, walimu wa skuli, na watumishi wa bandari na viwanja vya ndege. Yanachapishwa katika ukurasa huu ili wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza nao wafaidike.



Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kuwa wazi, wachokoaji wa pweza hukuta juu ya mwamba vitu vya mviringo vyenye mifereji iliyopindapinda, mfano wa ubongo wa mnyama uliotolewa fuvuni. Wengi huviita mawe. Wapo wanaovikanyaga, wapo wanaovigonga kwa mtaimbo ili kumtoa pweza aliyejificha chini yake, na wapo wanaovifungia nanga. Ukweli ni kwamba kitu hicho ni mnyama, naye yu hai. Matumbawe ya umbo hilo aghalabu hayazidi kukua sentimita 1 kwa mwaka kutoka katikati kwenda nje. Kwa hivyo tumbawe lenye upana wa mita 1 huwa limeishi miaka 50 au zaidi. Pigo moja la mtaimbo laweza kuimaliza kazi ya nusu karne.

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa kiza. Haitoshi kusema tu kwamba matumbawe yahifadhiwe. Anayehifadhi hana budi kujua anahifadhi nini, na anayekagua mzigo bandarini hana budi kujua kilichomo ndani ya sanduku. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza namna ya kuyatambua matumbawe ya ubongo, khasa yale yenye polipu kubwa, yawapo baharini na yawapo ndani ya matangi ya kioo ya kufugia viumbe wa baharini.

MNYAMA, SI JIWE

Tumbawe gumu ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipu. Kila polipu ina mwili laini, mdomo mmoja, na minyiri inayouzunguka mdomo huo kama ilivyo minyiri ya pweza, ila ni midogo na ni mingi zaidi. Chini ya mwili huo mnyama hujijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya kikombe husimama mabamba membamba yanayoelekea katikati, mfano wa vijiti vya gurudumu la baiskeli. Mabamba hayo na kuta za kikombe ndiyo mifupa ya tumbawe.

Katika nyama ya polipu huishi vimwani vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vimwani hivyo hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpatia tumbawe. Usiku polipu hutoa minyiri na kukamata vidudu vinavyoelea majini.

Katika matumbawe mengi kila polipu ina kikombe chake peke yake. Katika matumbawe ya ubongo mambo ni tofauti. Polipu moja hugawanyika ikawa na midomo mingi bila ya kujenga ukuta baina ya mdomo na mdomo. Midomo hiyo hujipanga safu moja ndani ya bonde refu, na mabonde hayo yakipindapinda ndipo hutokea sura ya ubongo.

RANGI HUDANGANYA

Kosa la kwanza la watu wengi ni kulitambua tumbawe kwa rangi yake. Aina moja ya tumbawe yaweza kuwa ya kahawia kwenye maji mafupi, ya kijani penye kina, na ya kijivu upande wa kivuli. Kadhalika, aina mbili zilizo mbali kabisa kwa nasaba zaweza kufanana rangi zikikaa jirani. Chini ya maji rangi nyekundu hupotea mapema kadiri mtu anavyozama, na ndani ya tangi lenye taa za buluu nyama ya tumbawe hung'ara kwa rangi ambazo baharini mchana hazionekani. Rangi, basi, iwe ni ya kupendezesha macho tu.

Hata neno "polipu kubwa" halikutoka kwa wanasayansi. Limetoka kwa wafanya biashara na wafugaji wa viumbe wa baharini, wanaoyagawa matumbawe magumu katika makundi mawili, yenye polipu kubwa na yenye polipu ndogo, kwa sababu namna ya kuyatunza hutofautiana. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini hauonyeshi nasaba. Dalili za kutegemewa ni tatu: kuta, upana wa bonde, na meno.

DALILI YA KWANZA: KUTA

Mtazamaji aanze kwa kuangalia kilima kinachotenganisha bonde na bonde, kisha ajiulize: je, mabonde mawili yanashirikiana ukuta mmoja, au kila moja lina ukuta wake?

Matumbawe ya jenasi Platygyra, ambayo ni mengi katika miamba ya Afrika Mashariki, yana ukuta mmoja unaotumika na mabonde yote mawili, mfano wa nyumba mbili zilizoshikana. Juu ya kilima hapana ufa wala mfereji.

Matumbawe ya jenasi Lobophyllia, ambayo ndiyo khasa matumbawe ya ubongo yenye polipu kubwa katika bahari hii, huwa na kuta zilizoachana. Katika aina kama Lobophyllia corymbosa na Lobophyllia hemprichii, kila polipu, au kila bonde, husimama juu ya shina lake, na baina ya mashina huwa na nafasi. Mchana nyama ikiwa imevimba nafasi hizo hufunikwa, na tumbawe huonekana kama mto mmoja uliojaa sufi. Nyama ikijikunja nafasi huonekana, na mtu hutambua kuwa hakuwa akitazama kitu kimoja kilichoshikana.

Zipo aina nyingine za Lobophyllia ambazo kuta zake zimeungana, lakini juu ya kilima hubaki mfereji mwembamba unaokwenda sambamba na ukuta. Mfereji huo ndio ushahidi kwamba kuta ni mbili. Zamani aina hizo ziliwekwa katika jenasi yake mbali, iliyoitwa Symphyllia.

DALILI YA PILI: UPANA WA BONDE

Upana hupimwa kutoka kilele cha kilima kimoja hadi kilele cha kilima kinachofuata. Katika jenasi Leptoria bonde lina upana wa milimita 3 hivi, na katika Platygyra ni milimita 5 hivi. Katika zile aina za Lobophyllia zilizokuwa zikiitwa Symphyllia, upana ni baina ya milimita 12 na 35. Kwa lugha nyepesi, bonde la Platygyra halipokei ncha ya kidole kidogo cha mtu mzima, na bonde la Lobophyllia hupokea kidole gumba. Mfano huu ni wa kupimia kwa macho tu. Tumbawe lililo hai lisiguswe.

DALILI YA TATU: MENO

Juu ya ukingo wa kila bamba kuna meno. Meno ya Lobophyllia ni makubwa, marefu na yenye ncha, na huonekana wazi kwa macho matupu. Mkono uliopita juu ya mifupa ya tumbawe hilo hukwaruzwa. Meno ya Platygyra ni madogo, na ukingo huonekana kama uliokwanguliwa kwa msasa.

Dalili hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote pale ambapo nyama imekwisha kuoza na kilichobaki ni mifupa mitupu, kama vile vipande vilivyotupwa ufukweni au vilivyofungwa katika mizigo ya wasafiri.

YANAYOFANANA NAYO

Kwa kuwa sura ya ubongo imetokea katika nasaba nyingi mbali mbali, yafaa yatajwe yale ambayo mara nyingi huchanganywa.

Leptoria hufanana sana na Platygyra. Tofauti yake ni kwamba katikati ya bonde la Leptoria hupita kibamba chembamba kilichosimama kama kiambaza kidogo, hali katikati ya bonde la Platygyra pana kitu hafifu kama sifongo.

Oulophyllia ina mabonde mapana, yapatayo milimita 20, na kwa upana wake mtu aweza kudhani kuwa ni Lobophyllia. Lakini vilima vyake vina ncha kali juu, mabonde yake huteremka kwa umbo la herufi V, na meno yake ni madogo. Hapo upana peke yake ungalimpoteza mtazamaji, na meno ndiyo yatakayomrejesha njiani.

Trachyphyllia geoffroyi ni tumbawe linaloishi peke yake juu ya mchanga au tope bila ya kushikamana na mwamba. Hupatikana kutoka Bahari ya Shamu hadi Pasifiki ya magharibi. Mifupa yake ni kama kipepeo au upepeo uliokunjwa, chini yake pamechongoka, na nyama yake mchana huvimba ikaficha mifupa yote. Wafugaji hulipenda mno kwa rangi zake, nao huliita tumbawe la ubongo. Kwa nasaba, hata hivyo, liko karibu zaidi na Platygyra kuliko Lobophyllia.

NDANI YA TANGI LA KIOO

Biashara ya matumbawe hai kwa ajili ya matangi ya kioo ni kubwa. Indonesia ni miongoni mwa nchi zinazotoa kwa wingi, na Marekani ni mnunuzi mkubwa. Katika biashara hiyo matumbawe hukatwa vipande vidogo na kupachikwa juu ya vibao vya saruji, kisha huuzwa kwa majina ya kuvutia yanayotungwa na wauzaji wenyewe. Kipande kidogo namna hiyo hakina tena umbo la tumbawe zima. Hapo zile dalili tatu hutakiwa zaidi.

Njia iliyo bora ni kungoja. Mchana, taa zikiwaka, nyama huvimba na kuficha kila kitu. Usiku, au taa zikizimwa kwa muda, minyiri hutoka na midomo huonekana, na mtazamaji aweza kuhesabu iwapo bonde moja lina midomo mingi au mmoja tu. Taa nyeupe itumike badala ya ile ya buluu. Katu nyama isibonyezwe ili mifupa ionekane, kwani meno ya Lobophyllia yaliyo chini huitoboa nyama yake yenyewe, na kidonda hicho huingia maradhi. Dalili ya tumbawe linalougua ni nyama kurudi nyuma kwenye kingo na meno meupe kubaki wazi.

MAJINA YANAYOBADILIKA

Msomaji wa vitabu vya zamani atakuta majina yasiyolingana na ya hivi sasa. Hilo lisimtie shaka. Tumbawe la Lobophyllia corymbosa lilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Peter Forskål, mtaalamu aliyefuatana na msafara wa Mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni. Forskål alifariki dunia huko Yemeni mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Kwa muda wa karne mbili baadaye wataalamu waliyapanga matumbawe kwa kutazama umbo tu, na matumbawe ya ubongo ya Bahari ya Hindi yakawekwa ukoo mmoja na yale ya Atlantiki.

Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2004 ulibainisha kuwa mengi ya yale ya Atlantiki ni nasaba nyingine kabisa, ingawa sura zinafanana. Mwaka 2009 ukoo wa Lobophylliidae ulitangazwa kuwa ukoo unaojitegemea, na mwaka 2016 jenasi Symphyllia ikaunganishwa na Lobophyllia. La kutia moyo ni kwamba wataalamu walipoyarudia matumbawe hayo kwa darubini zenye nguvu, walikuta kuwa meno na muundo wa kuta vinaafikiana na nasaba kuliko umbo la nje. Mvuvi anayetazama kuta na meno yumo katika njia ile ile ya wataalamu.

SI JAMBO LA WATU WA PWANI PEKE YAO

Mtu aliyezaliwa Gairo, katika nchi ya Wakaguru mkoani Morogoro, aweza kuishi umri wake wote asiione bahari. Hata hivyo shamba lake la mahindi au viazi vitamu limeunganika na bahari kwa maji. Mvua inayonyesha katika milima ya Ukaguru huingia katika vijito vya bonde la mto Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi upande wa Saadani, mkabala na kisiwa cha Unguja. Mto Ruvu nao huanzia katika milima ya Uluguru na kumwaga karibu na Bagamoyo. Milima ikivuliwa miti na mashamba ya miteremko yakilimwa bila ya matuta, udongo huchukuliwa na mito hadi baharini.

Matope huyadhuru matumbawe kwa njia mbili: huyafunika, na huzuia jua lisivifikie vile vimwani. Ndiyo maana karibu na midomo ya mito mikubwa miamba ya matumbawe huwa haba. Matumbawe yenye polipu kubwa yana uwezo wa kiasi wa kujisafisha. Huvimba, hutoa ute, na kuusukuma mchanga pembeni, jambo ambalo aina nyingi za polipu ndogo haziwezi kulifanya vyema. Lakini uwezo huo una mpaka. Kwa hivyo tuta la mkulima wa Gairo na nanga ya mvuvi wa Unguja ni sehemu za hifadhi moja.

Hatari nyingine ni joto. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa vile vimwani mwilini na kupauka likawa jeupe. Mwaka 1998 miamba ya Bahari ya Hindi ya magharibi ilipatwa na mkasa huo kwa kiasi kikubwa, na Misali kisiwani Pemba na Mafia zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizodhurika vibaya. Mwaka 2016 na mwaka 2024 joto lilirudi tena.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila anayezamia. Tumbawe lililopauka si lazima liwe limekufa. Kama nyama bado ipo juu ya mifupa, hata ikiwa nyeupe kama kioo, mnyama yu hai na huenda akapona maji yakipoa. Kama nyama imekwisha na mwani wa kijani au kahawia umeanza kuota juu ya meno, hapo limekufa. Kwa yale yenye polipu kubwa nyama huonekana kwa urahisi, na kwa hivyo hata mtu asiye mtaalamu aweza kutoa taarifa ya kuaminika.

MINTARAFU YA SHERIA

Mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ujulikanao kwa kifupi CITES, ulianza kutumika mwaka 1975, na Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Maana yake ni kwamba hayawezi kuvushwa mpaka wa nchi bila ya kibali, yawe hai au yawe mifupa mitupu. Visukuku, yaani mawe ya matumbawe ya kale yaliyokwisha kuwa mwamba, hayamo. Kwa kuwa kuitambua spishi ni vigumu, nchi wanachama zimekubaliana kuwa kwa matumbawe mengi kibali kitaje jenasi tu.

Kutokana na hayo, mtumishi wa bandari hatakiwi kuwa profesa. Anachotakiwa ni kuweza kusema: kuta hizi zimeachana, bonde hili ni pana, meno haya ni makubwa, basi hii ni Lobophyllia, hali cheti kinasema Platygyra. Mzigo wa namna hiyo unastahili kusimamishwa na kuulizwa.

Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1994, kina aina zipatazo 200 za matumbawe magumu, na watoto wa skuli hupelekwa huko kujifunza. Ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997. Chuo cha Sayansi za Bahari cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1978, kina wataalamu wa fani hii.

Wananchi wote wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Wachokoaji wa pweza wasivunje wala kupindua matumbawe; pweza atolewe bila ya kuharibu nyumba yake, kwani nyumba iliyovunjwa haipati mpangaji mwingine.

(b) Manahodha watie nanga mchangani au watumie maboya.

(c) Watembezaji wa watalii wawaeleze wageni wao kuwa kipande cha tumbawe si zawadi ya kuchukuliwa, hata kikiokotwa ufukweni.

(d) Anayeona matumbawe yaliyopauka aiarifu kamati ya uvuvi ya shehia yake, akitaja pahala, tarehe, na iwapo nyama bado ipo au imekwisha.

(e) Walimu wawafundishe wanafunzi zile dalili tatu kwa kutumia vipande vilivyomo skuli, bila ya kwenda kuvunja vingine.

Mtu akijua kuwa lile jiwe la mifereji lina midomo, lina meno, na lina umri kumpita yeye mwenyewe, mtaimbo utakuwa mzito mkononi mwake. Huo ndio mwanzo wa hifadhi.